Mashine Iliyosimama Jumapili

Atuti Nyang'au alikuwa mtu wa mikono kabla ya kuwa mtu wa mashine. Alitoka Nyaribari mwaka wa 1959 akiwa na blanketi moja na barua ya mchungaji, akaja kuchuma chai katika shamba la Kipturgut, upande wa Kiptere, kama walivyokuja vijana wengi wa Kisii ambao ardhi ya baba zao ilikuwa imegawanywa mpaka ikabaki upana wa mkeka. Alichuma kwa miaka miwili. Kisha nyapara mmoja akatambua kwamba kijana huyu, kila alipofikisha kikapu chake kiwandani, hakuondoka mara moja kama wenzake. Alipanda kwanza darini, akaingiza mkono katika majani yaliyotandazwa, akayafinya, akayanusa. Wakubwa wakaona heri wamwache huko huko.

Dari la kunyaushia majani ndilo lililomlea. Majani mabichi yalimwagwa juu ya vitanda virefu vya waya, na chini ya vitanda feni kubwa zilipuliza hewa iliyopashwa moto na boila, mpaka jani likalegea mkononi kama kitambaa chenye unyevu. Hewa ikizidi joto, jani hukauka ukingoni na kubaki bichi katikati. Ikipungua, jani hulala na maji yake na chai ikaharibika kabla haijasagwa. Ukutani kulikuwa na vipimajoto, lakini jambo likileta shaka watu walimwita Atuti. Alishika, akafunga macho kidogo, akasema: "Ongeza," au, "Punguza, mnapika mboga." Alifanya kazi hiyo kwa miaka tisa. Katika miaka hiyo alimwoa Drusilla, akapata watoto watatu, akachaguliwa kuwa shemasi katika kanisa la Wasabato lililokuwa ng'ambo ya kijito, na usiku alisoma masomo ya umeme kwa njia ya posta, kitabu kwa kitabu, mpaka bahasha zikajaa sanduku zima chini ya kitanda.

Kwa hiyo kampuni iliponunua kompyuta mwaka wa 1971, na akatakiwa mtu wa kuitunza aliyeelewa umeme na asiyekunywa pombe, jina lake lilitajwa lenyewe. Walimpeleka Nairobi kwa miezi mitatu. Aliporudi alivaa koti jeupe, na ufunguo wa chumba cha mashine ulining'inia kifuani pake kwa kamba ya kiatu.

Kazi ya mashine ilikuwa kupanga zamu za kuchuma. Kila konde la chai lazima lirudiwe kwa siku zake. Likicheleweshwa, majani hukomaa na kuwa magumu. Likiwahiwa, mti huchoka. Shamba lilikuwa na makonde zaidi ya mia mbili, na hakuna kichwa cha mtu kilichoweza kuyashika yote pamoja na mvua na mvua ya mawe na watu waliougua. Mashine iliyashika. Mwishoni mwa juma ililishwa kadi zenye matundu, ikanguruma kwa saa mbili, kisha ikatema karatasi ambazo manyapara walizichukua Jumatatu alfajiri: wewe na watu wako nendeni konde hili, nyinyi lile.

Atuti aliifanya kazi hiyo Jumapili mchana. Jumamosi ilikuwa Sabato yake, na meneja wa wakati ule hakuona ubaya: "Afanye Jumapili, mradi karatasi ziwepo Jumatatu." Jumapili kiwanda kililala. Majani ya Jumamosi yalikuwa yamekwisha kusagwa kufikia alfajiri, feni zimezimwa, boila imepoa, na katika jengo lote hapakuwa na mtu ila mlinzi langoni na Atuti chumbani mwake. Aliipenda siku hiyo kuliko zote. Mkewe alimtania kwamba ana wake wawili, na yule wa pili ndiye aliyepewa nyumba ya mawe.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Machi 1974, kampuni ikaongeza kumbukumbu ya mashine.

Kumbukumbu ya mashine za wakati ule ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Ukifungua kisanduku chake ulikuta pete nyeusi, kila moja ndogo kuliko punje ya wimbi, maelfu kwa maelfu, zimetungwa kama shanga katika nyaya nyembamba mfano wa nywele. Umeme ukipita wayani, sumaku ya pete inageukia upande huu au upande ule, na katika kugeuka huko mna kila kitu mashine inachokumbuka. Palikuwa na skrubu mbili za kurekebisha. Moja iliamua nguvu ya umeme wa kuzigeuza pete. Ya pili iliamua mashine ingoje kitambo gani kabla ya kuzisoma. Ukiharakisha usomaji, kazi inakwisha mapema, lakini unajihatarisha kusoma kabla pete hazijatulia.

Kisanduku kipya kilitengenezwa na watu wengine, si wale wa kisanduku cha zamani. Aliyekifunga alikuwa mhandisi mkuu wa shamba, Bwana Pritchard, mtu mrefu mwenye nyusi za rangi ya mchanga, aliyependa kusema Kiswahili chake cha jikoni hata na watu waliojua Kiingereza vizuri. Alikuwa amewaahidi wakubwa wake kwamba kazi ya saa mbili itakuwa ya dakika arobaini. Jumatano moja saa nane, feni zikivuma na jua likiwaka bati, alizungusha skrubu kidogo kidogo huku saa ikiwa mkononi, mpaka mashine ikamaliza kwa dakika thelathini na nane. Akacheka kama mtoto. Kisha akapaka kila skrubu tone la rangi nyekundu ili ijulikane ikiguswa.

"Hapana mtu nagusa hii," alisema. "Mimi tu."

"Ndiyo, bwana," Atuti alijibu. "Lakini tungeijaribu pia wakati kiwanda kimepoa…"

"Iko sawa, Atuti. Iko sawa kabisa."

Jumapili iliyofuata, saa nane na robo, taa nyekundu ya hitilafu iliwaka na mashine ikasimama.

Atuti aliianzisha upya. Ikaenda dakika tano, ikasimama. Akabadili kadi, akasafisha kisomea kadi, akaanza tena, ikasimama. Mpaka jua linatua hakuwa amepata hata karatasi moja. Jumatatu alfajiri manyapara walikuja mikono mitupu wakaondoka mikono mitupu, na wachumaji mia kadhaa walisimama katika umande wakiwa na vikapu mgongoni, hawajui waende wapi. Saa tatu asubuhi Bwana Pritchard aliingia mwenyewe, akabonyeza kitufe, na mashine ikafanya kazi yote bila kukohoa.

Jumapili ya pili ikawa vile vile. Na ya tatu.

Msaidizi wa Atuti, Bethwel Kiptanui, kijana wa Kipsigis aliyesomea shule ya Kabianga, aliona jambo hilo kuwa mzaha mzuri.

"Mzee, hii mashine imeokoka," alisema Jumatatu moja akipanga kadi. "Imeingia kanisa letu. Haitaki kazi ya Jumapili."

"Nyamaza wewe."

"Nakwambia ukweli! Umeifundisha Sabato ya Jumamosi ikakataa. Imejua siku ya Bwana ni gani."

Kicheko hicho kilitoka chumbani kikafika kiwandani, kikafika kwenye laini za nyumba za wafanyakazi, na baada ya mwezi hata akina mama kisimani walimuuliza Drusilla kama mume wake ameshindwa kuigeuza mashine dini. Atuti alicheka nao mwanzoni. Lakini alijua kilichokuwa hatarini. Cheo chake kilikuwa bado cha majaribio, kwa sababu kampuni haikuwa imewahi kumthibitisha Mwafrika katika kazi hiyo, na uthibitisho wake ulikuwa uamuliwe mwishoni mwa Juni. Asipothibitishwa, koti jeupe na chumba kile vingekwenda kwa mtu mwingine, na miaka yote ya bahasha chini ya kitanda ingekuwa kazi bure.

Mtu aliyekaa miaka tisa darini hakuhitaji muda mrefu kushuku baridi. Ukuta wa nyuma wa chumba cha mashine ulipakana na njia ya hewa moto ya dari. Siku za kazi chumba kilikuwa na joto la nyuzi ishirini na nne, ishirini na tano. Jumapili mchana, wakati wa mvua, kilishuka hadi kumi na sita. Atuti aliazima kipimajoto cha darini akakitundika. Akaanza kuandika daftarini kila mara taa nyekundu ilipowaka: tarehe, saa, joto, na namba ya mahali ambapo kumbukumbu ilikosea. Baada ya Jumapili saba ukurasa ulijieleza wenyewe. Kila kosa lilitokea chini ya nyuzi kumi na tisa. Kila kosa lilikuwa ndani ya kisanduku kipya, wala hakuna hata moja lililotokea katika kile cha zamani. Pete zikipoa huwa ngumu kugeuka na hutaka umeme zaidi, na Bwana Pritchard alizipimia umeme zikiwa na joto. Isitoshe, aliharakisha usomaji. Dawa ilikuwa kuongeza nguvu ya umeme kidogo na kuchelewesha usomaji kidogo, kisha kuijaribu mashine katika baridi na katika joto mpaka ipatikane sehemu ya katikati inayostahimili yote mawili. Kazi ingechukua dakika hamsini badala ya thelathini na nane. Basi.

Skrubu zilikuwa mbele ya pua yake. Bisibisi ilikuwa mfukoni. Lakini tone lile la rangi nyekundu lilimtazama, naye alikuwa mtu wa kutii.

Badala yake, Jumapili ya nane, alifanya jambo ambalo Mkisii yeyote aliyelelewa katika baridi ya milimani angelifanya: alibeba jiko la makaa kutoka nyumbani, akaliweka pembeni mwa chumba, akafunga mlango. Joto likapanda hadi ishirini na mbili. Mashine ikafanya kazi tangu mwanzo hadi mwisho, karatasi zikatoka zote, na Atuti akapiga magoti pale pale sakafuni akamshukuru Mungu. Sasa alikuwa na ushahidi.

Jumatatu Bwana Pritchard aliingia, akasimama mlangoni, akanusa.

"Nini hii? Moshi?"

"Bwana, nilileta jiko. Nilitaka kukuonyesha kwamba chumba kikiwa na joto—"

"Jiko? Hapa ndani?" Alipitisha kidole juu ya kabati la mashine, akakitazama. Kilikuwa na majivu. "Wewe nachoma mahindi kwa chumba ya kompyuta?"

"Hapana, bwana. Sikuchoma mahindi. Angalia daftari hili—"

"Mimi nauliza mahindi!"

Bethwel, aliyekuwa nyuma, alishindwa kujizuia akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichofunga mlango. Barua ya onyo ilifika mchana. Iliandikwa kwa Kiingereza safi, nayo ilisema kwamba mfanyakazi alikuwa amewasha moto wa kupikia ndani ya chumba cha mashine. Tangu siku hiyo manyapara wakawa wakimpita wakisema, "Fundi, tuwekee gunzi moja."

Hata hivyo Atuti hakukata tamaa. Aliendelea na daftari lake, Jumapili ya tisa, ya kumi, ya kumi na moja. Katikati ya Juni alilipeleka ofisini likiwa limenakiliwa upya kwa mwandiko wake wa shule, mistari imepigwa kwa rula. Bwana Pritchard alilifungua, akalisoma kweli kweli, maana hakuwa mjinga. Akarudi ukurasa wa kwanza, akausoma tena. Huenda hapo aliuona ukweli. Lakini barua ya dakika thelathini na nane ilikuwa imekwenda London, na sifa zake zilikuwa zimerudi.

"Jumatatu, Jumanne, Jumatano, kila siku mashine iko mzuri," alisema. "Jumapili tu iko mbaya. Jumapili nani iko hapa? Wewe tu."

"Njoo Jumapili hii, bwana. Utaona kwa macho yako."

"Jumapili mimi iko kilabu." Alifunga daftari. "Jumamosi. Saa tano. Mimi nazima feni, wewe naonyesha mimi baridi yako. Kama mashine nasimama, mimi nafungua skrubu. Kama hapana simama, basi."

"Bwana, Jumamosi ni Sabato yangu. Ijumaa, au Jumatatu…"

"Ijumaa iko jani mingi. Jumamosi. Au basi sasa hivi."

Atuti alirudi nyumbani akiwa amekubali. Ijumaa jioni, jua likielekea milimani, Drusilla alikuwa amekwisha kupasua kuni, kusonga ugali wa wimbi na kuufunika, kuchemsha mboga za chinsaga, kung'arisha viatu vya watoto na kuvipanga mlangoni, ili Sabato iingie ikute mikono ya wote imepumzika. Alimtazama mume wake akipiga pasi koti jeupe.

"Baba Mokeira, hilo koti ni la nini?"

"La kesho."

"Kesho gani?"

Akamweleza. Drusilla alimsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo utamwacha Mungu akungoje," alisema, "uende ukamshuhudie Pritchard."

"Ni saa moja tu, mama. Ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato hutamtoa?"

"Ng'ombe ni uhai. Ile ni chuma." Akainuka, akachukua taa. "Pasi yenyewe ungeizima. Jua limekwisha kuzama."

Jumamosi saa tano Atuti alikuwa chumbani. Kutoka dirishani aliweza kusikia, mbali ng'ambo ya kijito, waumini wakiimba. Bwana Pritchard alikuja na saa yake. Bethwel alikuwepo, na manyapara wawili waliokuja kutazama mchezo. Feni zikazimwa. Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na tano.

Hapo ndipo Atuti alipotambua kosa lake, na lilikuwa kosa ambalo yeye peke yake katika kiwanda kile hakustahili kulifanya. Alijua dari. Alijua kwamba kuta zile za mawe, zikiwa zimelishwa hewa moto juma zima, hazipoi kwa saa moja. Jumapili zilikuwa na saa nane za kupoa. Na alijua pia kwamba feni haziwezi kuzimwa zaidi ya saa moja huku vitanda vimejaa, kwa sababu majani yaliyorundikwa bila hewa hujipasha yenyewe, yakawa mekundu, yakaharibika. Alikuwa ameyajua hayo yote kwa miaka kumi na mitatu. Lakini siku ile ofisini, neno Jumamosi lilijaa kichwani mwake mpaka halikuacha nafasi ya kukumbuka kitu kingine.

Mashine ilinguruma. Dakika ya ishirini: nyuzi ishirini na nne. Atuti alifungua dirisha. Nje mvua haikuwepo, jua la Juni lilikuwa kali ajabu.

"Funga dirisha," Bwana Pritchard alisema. "Jumapili wewe nafungua dirisha?"

"Hapana, bwana."

Akafunga. Dakika ya thelathini na nane mashine ilitema karatasi ya mwisho na kunyamaza. Wakaianzisha tena. Dakika ya sitini kipimajoto kilisoma ishirini na tatu, na karatasi zikawa zinateremka moja baada ya nyingine, zimenyooka, hazina doa. Taa nyekundu ilikaa kimya kama jicho la mtu aliyelala.

"Nipe saa tatu, bwana," Atuti alisema. "Kuta bado zina moto. Nipe saa tatu."

"Saa tatu? Na jani yote naoza? Wewe umefanya kazi huko juu. Unajua."

"Najua."

"Basi."

Feni zikawashwa. Nyapara mmoja akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Sabato imevunjwa na mahindi hayakuiva." Hakuna aliyecheka sana. Atuti alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Ufunguo aliudai Bwana Pritchard mwenyewe, kwa kunyoosha mkono tu.

Juma lililofuata yalitokea mambo mawili. Kampuni ilimpelekea barua kwamba hakuthibitishwa, na kwamba kwa kuzingatia utumishi wake wa zamani anarudishwa darini. Na wazee wa kanisa, wakiongozwa na Mzee Kebaso, mtu mpole mwenye kikohozi, walimwita wakamvua ushemasi kwa muda usiotajwa.

"Ndugu, tungekuelewa kama ungelikuwa umelazimishwa," Mzee Kebaso alisema.

"Nililazimishwa."

"Ulipewa nafasi ya kukataa. Wewe mwenyewe umetwambia."

Hilo lilikuwa kweli.

Kilichomwuma zaidi kilikuja baadaye. Chumba cha mashine alipewa Bethwel. Bethwel hakufanya kazi Jumapili, kanisa lake lilimkataza, kwa hiyo kazi ya kupanga zamu ilihamishwa ikawa Jumamosi asubuhi, feni zikivuma na ukuta ukiwa moto. Na mashine haikusimama tena hata mara moja. Julai nzima haikusimama. Watu walitikisa vichwa: kumbe ni kweli, tatizo lilikuwa Atuti. Alipopita na toroli la majani karibu na mlango ule, aliisikia ikinguruma vizuri, na alitamani, Mungu amsamehe, isimame.

Ilisimama Agosti. Bomba la boila lilipasuka na kiwanda kikafungwa siku tisa katika baridi kali ya mwaka ule. Siku ya pili taa nyekundu iliwaka Bethwel akiwa peke yake. Siku ya tatu iliwaka mbele ya meneja. Bwana Pritchard alihangaika nayo kwa siku mbili, kisha akaitwa mhandisi kutoka Nairobi, kijana mfupi mwenye miwani, aliyefika asubuhi na kuuliza kitu cha kwanza: "Kuna mtu aliyeandika joto la chumba?"

Bethwel alipanda darini jioni hiyo. Atuti alikuwa akifagia vitanda vitupu.

"Mzee," alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha sautini. "Nilimpa daftari lako. Lilikuwa kwa droo ya chumba cha mashine."

"Akasema nini?"

"Alisoma, akaniuliza mwenyewe yuko wapi. Bwana Pritchard akasema mwenyewe aliondoka." Bethwel alitazama viatu vyake. "Yule mhandisi ameongeza umeme, amechelewesha ile kusoma. Kidogo tu, kama robo ya mzunguko. Halafu akajaribu asubuhi na baridi, akawasha hita akajaribu na joto. Haisimami. Inachukua dakika arobaini na tisa."

"Mimi nilisema hamsini," Atuti alisema, akaendelea kufagia.

"Nilipaswa kusema kitu siku ile ya jiko. Badala yake nilicheka."

"Ulicheka, ndiyo."

Bethwel alingoja aambiwe kwamba si neno. Hakuambiwa. Akashuka ngazi.

Hata hivyo kijana huyo alikuwa na dhamiri, na dhamiri ilimsukuma. Alimwendea meneja, akamweleza yote tangu Jumapili ya kwanza, na meneja, ambaye hakutaka aibu wala hakutaka kelele, akaamua kwamba Atuti arudishwe. Oktoba Atuti aliitwa ofisini. Bwana Pritchard alikuwa ameketi nyuma ya meza, na mbele yake palikuwa na barua ya uthibitisho iliyopigwa chapa, jina lote likiwa sahihi, ikikosa sahihi ya Atuti tu.

"Atuti. Wewe narudi kwa mashine," alisema, akitazama dirishani. Huko ndiko kulikokuwa kuomba radhi kwake kote.

Atuti aliisoma barua kwa makini. Aliisoma tena mstari wa nne. Ulisema kwamba upangaji wa zamu utaendelea kufanywa Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Bwana, sasa mashine inaweza kufanya kazi Jumapili. Imerekebishwa kwa ajili ya baridi. Ndiyo maana ya marekebisho yenyewe."

"Jumapili hapana. Jumamosi kila mtu nazoea. Manyapara nachukua karatasi mapema, iko mzuri zaidi." Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alisema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu mzima akisema na mtu mzima mwenzake: kwamba hata hivyo Atuti alikwisha kuja Jumamosi moja, kwa hiyo hakuona kizuizi kilikuwa wapi.

Kalamu ilikuwa juu ya barua. Atuti aliitazama. Alikiona chumba, kabati, kiti ambacho koti lake lilibaki juu yake. Alijua mikono yake ingeitunza mashine ile vizuri kuliko mikono yoyote katika wilaya nzima. Aliirudisha kalamu upande wa Bwana Pritchard.

"Jumamosi moja niliitoa," alisema. "Ya pili sina."

Habari ilifika nyumbani kabla yake. Drusilla alimpokea mlangoni, akamshika mikono yote miwili, macho yamemlowa, akasema kwamba sasa amempata mume wake. Mzee Kebaso alikuja siku hiyo hiyo na kikohozi chake. Sabato iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, akasema kwamba ndugu yetu alijaribiwa kama Ayubu, akaletewa kiti cha heshima katika sinia, akakikataa kwa ajili ya siku takatifu ya Bwana, na kwamba baraza kwa kauli moja limemrudishia ushemasi. Watu wakasema amina. Mama mmoja akapiga kigelegele.

Atuti alisimama ili waumini wamwone, kwa kuwa aliombwa asimame. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwa nini alikataa. Wangemuuliza, angelazimika kusema kwamba ofisini siku ile hakumkumbuka Mungu hata kidogo. Kwamba alikumbuka mkono ule ulionyooshwa kudai ufunguo, na majivu kidoleni, na neno mahindi, na kwamba alikataa kwa hasira tu, hasira kavu ya mtu aliyenyimwa kitu chake kisha akarudishiwa kikiwa kimekatwa mguu. Kama barua ingelisema Jumapili, angelitia sahihi papo hapo kwa furaha.

Alisema asante, akaketi. Mokeira, binti yake mkubwa, alimwegemea begani kwa fahari. Ilikuwa saa tano kasoro. Wakati ule Bethwel alikuwa akilisha kadi za makonde ya mwisho, feni zikivuma, chumba kikiwa na nyuzi ishirini na tano. Na katika joto kama hilo, Atuti aliwaza huku kiongozi wa nyimbo akitafuta ukurasa, hata mipimo mibaya ya Pritchard ingetosha.